Jani la mkoko na pumzi ya mzizi: Sayansi ya usanisinuru katika matope ya Mombasa

Mmea wa mahindi ukimwagiliwa maji ya bahari kwa siku chache hunyauka na hatimaye kufa. Lakini katika mahori ya Tudor, Port Reitz na Mtwapa, yanayoingia nchi kavu kandokando ya Kisauni, Changamwe na Likoni, kuna miti inayosimama ndani ya maji hayo hayo kila yanapojaa, na majani yake hubaki mabichi mwaka mzima.

Miti hiyo ni mikoko. Watu wa pwani wameijua kwa karne nyingi kwa sababu ya fito, pau na boriti zake, kwa kuni, kwa magamba ya mkandaa yanayotumika kutia rangi na kulainisha ngozi, na kwa samaki na kamba wanaokulia chini ya mizizi yake. Jambo lisilojulikana na wengi ni jinsi mti huo unavyojitengenezea chakula mahali ambapo maji ni ya chumvi, matope hayana hewa na jua la mchana ni kali kupita kiasi.

Makala haya yanaeleza yale ambayo wanasayansi wa mimea wamegundua kuhusu usanisinuru wa mikoko, kuanzia jani zima hadi jeni zilizomo ndani ya seli zake. Yanaeleza pia kwa nini ugunduzi huo unawahusu wakazi wa Mikindani, Junda, Mtongwe na Port Reitz. Somo kuu ni moja: kazi ya jani hutegemea pumzi ya mzizi. Anayetaka kuona mikoko ikibaki ya kijani hana budi kuangalia kwanza hali ya matope.

USANISINURU NI NINI?

Usanisinuru ni njia ambayo mmea hutumia nuru ya jua kutengeneza sukari kutokana na maji na hewa ya kaboni dioksidi. Mwaka 1779, daktari wa Kiholanzi, Jan Ingenhousz, alionyesha kwamba sehemu za kijani za mmea hutoa hewa safi zikiwa kwenye mwanga tu. Hewa hiyo ndiyo oksijeni tunayovuta.

Kazi hii hufanyika kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, klorofili, ambayo ndiyo rangi ya kijani ya jani, hunasa nuru. Nguvu ya nuru hiyo hutumika kupasua molekuli za maji. Oksijeni hutoka nje, na nguvu iliyobaki huhifadhiwa katika kemikali maalumu ndani ya seli. Katika hatua ya pili, nguvu hiyo hutumika kuunganisha hewa ya kaboni na kuifanya sukari. Hatua hii ya pili ilifafanuliwa na Melvin Calvin na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mwaka 1961 Calvin akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Kimeng'enya kinachoikamata hewa ya kaboni huitwa Rubisco. Ndicho protini iliyo nyingi zaidi katika majani ya mimea, na sababu ya wingi huo ni kwamba kinafanya kazi polepole mno: kimoja hushughulikia molekuli chache tu za kaboni kwa sekunde. Isitoshe, hukosea. Mara kwa mara hukamata oksijeni badala ya kaboni, na kosa hilo huigharimu seli nguvu iliyokwisha kukusanywa. Joto linapoongezeka, makosa huongezeka pia.

Mahindi na miwa yana utaratibu wa ziada wa kurundika kaboni karibu na Rubisco ili kupunguza makosa hayo. Wanasayansi wawili waliokuwa Australia, Hal Hatch na Roger Slack, ndio waliofafanua utaratibu huo mwaka 1966. Mikoko haina utaratibu huo. Hutumia njia ya kawaida, kama mpunga na maharagwe, ingawa inaishi mahali pagumu zaidi kuliko shamba lolote la mpunga.

MITI TISA NA CHUMVI MOJA

Neno mikoko hutumika kwa jumla, lakini kwa mkata boriti mkoko ni mti mmoja miongoni mwa mingi. Pwani ya Kenya ina spishi tisa: mkoko wenyewe, ambao wanasayansi huuita Rhizophora mucronata, mchu, yaani Avicennia marina, mlilana, mkandaa, muia, kikandaa, msikundazi, na mkomafi wa aina mbili.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Chumvi hiyo huyashikilia maji, kwa hivyo mti unaotaka kuyanywa ni lazima uyavute kwa nguvu kubwa kuliko ile inayoyashikilia. Mwaka 1965, Per Scholander na wenzake wa taasisi ya Scripps huko California walitangaza njia ya kupima nguvu hiyo. Walifunga tawi ndani ya chombo cha chuma, wakaongeza shinikizo la gesi hadi utomvu ulipoanza kuchomoza pale tawi lilipokatwa. Walikuta kwamba maji ndani ya mikoko huvutwa kwa nguvu inayozidi mara 30 ya shinikizo la kawaida la hewa.

Wakati wa mvuto huo, mizizi huchuja. Mkoko huacha nje karibu chumvi yote. Mchu nao huchuja sehemu kubwa, lakini hupitisha kiasi fulani, kisha huitoa kupitia tezi ndogo za majani. Ndiyo maana ukilamba jani la mchu wakati wa kiangazi utahisi ladha ya chumvi, na asubuhi utaona chembe zake zikimetameta juu ya jani. Mlilana na kikandaa hunenepesha majani yao kwa maji ili chumvi iliyopenya ipungue ukali.

Maji yaliyopatikana kwa taabu namna hii hayawezi kupotezwa ovyo. Jani lina matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, ambayo huingiza kaboni na wakati huo huo kupoteza mvuke. Yakifunguliwa sana, mti hupata chakula lakini hukauka. Yakifungwa, maji huhifadhiwa lakini kazi ya Rubisco husimama. Mwaka 1984, Marilyn Ball na Graham Farquhar wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia walichapisha matokeo ya kukuza mchu katika maji ya viwango mbalimbali vya chumvi na hewa yenye unyevu tofauti. Walionyesha kwamba chumvi inapozidi na hewa inapokuwa kavu, mti hubana matundu yake na kupunguza kasi ya usanisinuru ili usipoteze maji.

Kwa maneno mengine, mikoko ni miti ya bajeti. Hutumia maji kidogo kwa kila sehemu ya kaboni inayopata, na hukubali kukua polepole ili iendelee kuishi. Kila shilingi yake ya nguvu imeshapangiwa kazi, na balaa ikizuka mti una akiba ndogo ya kutegemea.

JANI LINALOKWEPA JUA

Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Saa sita mchana, jua humimina nuru nyingi kuliko jani la mkoko linavyoweza kutumia, hasa likiwa limebana matundu yake. Nuru isiyotumika haipotei hivi hivi. Huunda kemikali kali zenye oksijeni zinazoweza kuunguza mitambo ya seli.

Mkoko una kinga mbili. Ya kwanza ni ya umbo: majani ya kileleni, yanayopigwa na jua moja kwa moja, husimama wima, ilhali ya kivulini hulala bapa. Jani lililosimama hupata jua la asubuhi na la jioni kwa wingi, na la mchana kwa uchache. Kinga ya pili ni ya kemia: rangi za manjano zilizomo ndani ya jani hubadilika nuru inapozidi, na kuitoa nguvu ya ziada ikiwa joto lisilodhuru. Catherine Lovelock na Barry Clough walieleza mwaka 1992, kutokana na mikoko ya Australia, jinsi wingi wa rangi hizo unavyohusiana na kiasi cha jua ambacho jani hupata.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Kijani anachokiona abiria akivuka daraja la Nyali ni matokeo ya hesabu ya maji, chumvi, joto na nuru inayofanywa upya kila saa na kila jani.

MZIZI UNAOPUMUA

Hesabu hiyo yote huanzia chini. Mizizi, kama kiungo chochote kilicho hai, huhitaji oksijeni ili ipate nguvu ya kufanya kazi, na kazi yake kubwa ni kuchuja chumvi. Lakini matope ya mikoko yana oksijeni katika tabaka jembamba la juu tu. Chini yake kuna bakteria wanaoishi bila hewa, ambao hutoa gesi yenye harufu ya yai bovu. Gesi hiyo ni sumu kwa mizizi.

Ufumbuzi wa mti ni kuileta hewa kutoka juu. Mkoko husimama juu ya miguu mingi iliyopinda, na mchu huchomoza mizizi midogo kama kalamu zilizosimikwa matopeni. Juu ya mizizi hiyo kuna vitundu vya kupumulia. Maji yanapotoka, hewa huingia kwenye vitundu na kupita katika tishu laini kama sifongo hadi mizizi iliyozama.

Scholander, yule yule wa chombo cha shinikizo, alithibitisha jambo hili mapema zaidi. Mwaka 1955 yeye na wenzake walichapisha majaribio waliyoyafanya kwenye mikoko ya Florida, ambayo ni jamaa wa karibu wa mikoko yetu. Walipima oksijeni ndani ya mizizi iliyozama matopeni, kisha wakaziba kwa grisi vitundu vya kupumulia vilivyokuwa juu. Katika muda wa siku chache, oksijeni ndani ya mizizi ya mkoko iliporomoka hadi takriban asilimia 2.

Mzizi uliokosa oksijeni hauna nguvu ya kuchuja. Chumvi hupanda hadi majanini, matundu hufungwa, Rubisco hukosa kaboni, na nuru inayoendelea kuanguka juu ya jani huanza kuliunguza. Jani hugeuka manjano na kuanguka. Macho huona ugonjwa wa jani, lakini chanzo chake kiko kwenye mzizi.

NDANI YA SELI

Baiolojia ya molekuli imewawezesha wanasayansi kuuliza swali jingine: ni jeni zipi zinazoupa mti uwezo huu? Mchu ndio uliochunguzwa zaidi, na majibu yake yamewashangaza wengi.

Chumvi inapoingia kwenye seli za mchu, mti hujaza seli hizo dutu iitwayo betaini. Betaini huzuia maji yasitoke na hulinda protini zisiharibike, bila yenyewe kuingilia kazi ya seli. Mwaka 2001, watafiti wa Japani walieleza jeni mbili za mchu zinazotoa vimeng'enya vya aina inayohusika katika kutengeneza betaini.

Kundi la watafiti wa taasisi ya M. S. Swaminathan mjini Chennai, India, liliendelea mbele zaidi. Mwaka 2008 lilichapisha matokeo ya kuhamisha jeni moja ya mchu hadi kwenye mpunga wa basmati. Jeni hiyo hutoa kimeng'enya kinachozima zile kemikali kali zenye oksijeni ambazo huunguza seli nuru na chumvi zinapozidi. Katika majaribio, mpunga ulioongezewa jeni hiyo ulistahimili chumvi na ukame kuliko mpunga wa kawaida.

Mchu wa India na mchu wa Mikindani ni spishi moja, Avicennia marina. Hata hivyo, spishi moja haina maana ya jeni zile zile kila mahali. Mbegu za mchu huelea na kuchukuliwa na mkondo, zikaota mbali na mti mzazi, au zisiote kabisa. Utafiti ulioongozwa na Ludwig Triest wa Brussels, Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2021, ulitumia alama za DNA kuchunguza jinsi michu ya mpakani mwa Kenya na Tanzania inavyounganishwa na mbegu zinazosafiri baharini. Kazi ya aina hiyo ina manufaa ya moja kwa moja. Huonyesha ni misitu ipi inayoipa mingine mbegu, na ni ipi ambayo ikikatwa haitapata mrithi kwa urahisi.

MAFUTA NA RANGI YA MCHE

Kile ambacho Scholander alikifanya kwa grisi na kwa makusudi, ajali za bandari zimekifanya kwa mafuta na kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1988, mafuta kutoka tangi lililotoboka yalimwagika na kufika kwenye mikoko ya Makupa na Port Reitz. Aprili 2005, meli ya mafuta iliyotoboka ilipokuwa ikiondoka bandarini ilimwaga mafuta ghafi katika maji ya Port Reitz, nayo yakaingia tena kwenye mikoko.

Mafuta mazito huganda juu ya mizizi na kuziba vitundu vya kupumulia. Mti unaweza kuangusha majani ndani ya wiki chache, na ukifa, miaka mingi hupita kabla mwingine haujashika mahali pake. Mafuta yanayozama matopeni hukaa humo muda mrefu, kwa kuwa bakteria wanaoyala huhitaji oksijeni, na matope hayana.

Kuna madhara mengine yanayogusa jeni zenyewe. Mche wa mkoko huota ukiwa bado unaning'inia mtini, na kwa kawaida huwa wa kijani. Mwaka 1994, Edward Klekowski wa Chuo Kikuu cha Massachusetts na wenzake walichapisha utafiti kutoka Puerto Rico. Walihesabu miti ya mkoko wa huko iliyokuwa ikizaa miche isiyo na klorofili, yenye rangi nyekundu au ya manjano, na wakapima kemikali za mafuta ndani ya matope. Palipokuwa na kemikali hizo kwa wingi, ndipo palipokuwa na miti mingi zaidi ya aina hiyo.

Maelezo yake ni haya. Kila mti una nakala mbili za kila jeni. Nakala moja ya jeni ya klorofili ikiharibika, mti wenyewe hubaki wa kijani kwa kuwa ile ya pili inafanya kazi. Lakini mkoko hujichavusha wenyewe mara nyingi, na takriban robo ya miche inayotokana na uchavushaji huo hurithi nakala mbovu kutoka pande zote mbili. Mche kama huo hauwezi kufanya usanisinuru. Huishi kwa chakula cha mama, na ukianguka hufa. Hivyo basi, kasoro inayojificha ndani ya DNA hujitokeza kwa rangi ambayo hata mtoto anaweza kuitambua.

HALI YA MOMBASA BARA

Mpango wa kitaifa wa usimamizi wa mikoko wa mwaka 2017 hadi 2027 uliitaja Kenya kuwa na hekta 61,271 za mikoko. Zaidi ya nusu iko Lamu. Kaunti ya Mombasa ilitajwa kuwa na hekta 3,771 tu, na karibu zote ziko upande wa bara, kwa sababu mikoko hupenda mahori yenye utulivu.

Mwaka 2014, watafiti wakiongozwa na Jared Bosire, wakiwemo pia wanasayansi wa KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi yenye makao yake Mkomani, walichapisha tathmini ya mahori mawili. Walikuta kwamba kati ya mwaka 1992 na 2009, hori la Tudor lilipoteza asilimia 86.9 ya mikoko yake. Hori la Mwache, linaloungana na Port Reitz, lilipoteza asilimia 45.4. Viwango hivyo vilipita kwa mbali wastani wa nchi nzima.

Ukataji ni sababu mojawapo, lakini si ya pekee. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilizoa udongo kutoka mashamba na miteremko ya bara na kuumwaga Mwache. Udongo huo ulifunika mizizi ya kupumulia, na miti ikafa ikiwa imesimama bila kuguswa na shoka. Udongo ulifanya kazi ile ile ya grisi.

Katika hori la Tudor, tatizo jingine ni majitaka kutoka mitaa ya Mikindani na jirani zake. Hapa sayansi inahitaji kusomwa kwa makini, kwa kuwa majitaka yana nitrojeni, na nitrojeni ndiyo malighafi ya klorofili na Rubisco. Mti unaopata majitaka unaweza kuonekana umenawiri. Lakini uchafu unaooza hula oksijeni kidogo iliyomo matopeni. Vilevile, utafiti wa Lovelock na wenzake wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mikoko iliyopewa mbolea ilikufa kwa wingi zaidi kuliko isiyopewa, hasa mahali penye chumvi nyingi na mvua chache, kwa sababu ilikuza matawi kuliko mizizi.

Viumbe wa matopeni nao hubadilika. Mwaka 2009, kundi lililoongozwa na Stefano Cannicci wa Italia lililinganisha mikoko ya Mikindani na ya mji wa Maputo, Msumbiji, na ile isiyofikiwa na majitaka. Mahali penye majitaka, kaa waliongezeka, ilhali konokono wa matopeni walipungua. Kaa hutoboa matundu yanayoingiza hewa ardhini, na konokono husaga majani yaliyoanguka. Uwiano wao ukivurugika, pumzi ya mzizi huguswa pia.

Upande wa habari njema, mkondo wa maji umerejeshwa mahali ulipokuwa umekatwa. Kwa miongo mingi, barabara ya Makupa iliyojengwa juu ya tuta la udongo na mawe ilizuia maji kupita kati ya hori la Tudor na Port Reitz. Daraja lililofunguliwa mwaka 2022 limeyafungulia njia. Maji yanayotembea huleta oksijeni na kuondoa chumvi iliyorundikana, na hilo ni tiba kwa mikoko hata kabla ya mche mmoja kupandwa.

KUPANDA PEKE YAKE HAKUTOSHI

Tangu mwaka 1932, mikoko ya Kenya imekuwa msitu wa serikali kisheria. Kwa sehemu kubwa, ulinzi huo umelenga shoka: nani ana kibali, boriti ngapi zimekatwa, jahazi gani limebeba nini. Katika miaka ya karibuni zimeongezeka siku za kupanda, ambapo mafanikio huhesabiwa kwa maelfu ya miche.

Hesabu zote mbili zina manufaa, lakini hazipimi kilicho muhimu zaidi. Mche wa mkoko hupendwa na wapandaji kwa kuwa ni mrefu na huchomekwa matopeni kwa urahisi. Lakini ukichomekwa kwenye matope ya mbele kabisa, mahali pa mlilana, hufunikwa na maji muda mrefu kupita kiasi, hupata mwanga na hewa kidogo, na hufa. Ukichomekwa palipoganda mafuta au palipojaa udongo, hali huwa ile ile iliyoua miti ya kwanza.

Mwongozo wa kurejesha mikoko katika eneo la magharibi mwa Bahari ya Hindi, uliotolewa mwaka 2020 na kuandaliwa na wataalamu wakiwemo James Kairo wa KMFRI na Mwita Mangora wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, unasisitiza kwamba sababu ya miti kufa ichunguzwe kabla ya kupanda. Chanzo kikiondolewa na mkondo ukirudishwa, mara nyingi bahari yenyewe huleta mbegu.

Gazi, katika Kaunti ya Kwale, imeonyesha faida ya subira hiyo. Msitu uliochunguzwa na kutunzwa kwa miongo kadhaa uliwezesha kuanzishwa kwa mradi wa Mikoko Pamoja mwaka 2013, unaouza hewa ya kaboni kutoka hekta 117. Kinachouzwa hapo ni matokeo ya usanisinuru: kaboni ambayo Rubisco iliikamata moja moja na kuigeuza kuwa mti na matope.

YA KUTAZAMA UFUKONI

Mkazi wa Mtongwe, Jomvu Kuu au Mishomoroni anaweza kuisoma hali ya mikoko bila maabara. Majani machache ya manjano ni ya kawaida, kwani mti huangusha majani yaliyozeeka. Ncha za matawi zikiwa wazi na kilele kikipukutika kwanza, mizizi ina shida. Harufu ya yai bovu peke yake si dalili ya uchafu, maana ni tabia ya matope hayo tangu zamani. Harufu ya mafuta, au weusi unaonata kwenye mizizi, ni jambo la kuripotiwa.

Mizizi ya mchu ihesabiwe kwa jicho: ikiwa mwaka jana ilichomoza kwa urefu wa kalamu na mwaka huu zinaonekana ncha tu, udongo unapanda. Na mche mwekundu au wa manjano ukionekana unaning'inia kati ya miche ya kijani ya mkoko, watafiti wa Mkomani wangependa kujua umeonekana wapi.

Jani la mkoko limejifunza kuishi na chumvi na kulivumilia jua la ikweta. Halijajifunza kuishi bila pumzi ya mzizi. Sehemu hiyo ya kazi imo mikononi mwa mji: mifereji ya majitaka ya Mikindani, matangi na meli za Port Reitz, na udongo unaoshuka na mvua kutoka mashamba ya Kwale.